Pombe kwenye meli ya kitalii: kifurushi, glasi kwa glasi, au usiguse kabisa? Hesabu kwa wanaoondokea KIA

Anayepanda ndege KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwenda kudaka meli ya kitalii Durban, Barcelona au Miami hukutana na swali la vinywaji mapema sana, mara nyingi siku ileile anayolipia chumba. Kampuni ya meli humtajia bei ya kifurushi kwa siku, humwambia atakunywa "bila kikomo", na wengi hununua kwa kuogopa bili ya mwisho. Msimamo wetu ni kwamba kwa vyumba vingi vinavyotoka Arusha na Moshi kifurushi kamili cha pombe ni hasara, hata pale mmoja wa waliomo chumbani anapokunywa vizuri tu. Kinachoamua si kiu. Kinachoamua ni nani analala chumba kimoja na nani, na siku ngapi meli itakuwa imetia nanga huku abiria wakiwa mjini.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni kifurushi kamili: bia, mvinyo, vikali, kokteli, soda, maji ya chupa na kahawa za mashine. Ya pili ni kulipa kila glasi unapoiagiza. Ya tatu ni kifurushi kisicho na pombe, ambacho nacho huwa na daraja mbili: cha soda peke yake, na kile kikubwa chenye juisi, kahawa na kokteli zisizo na kilevi. Ya nne ni kutonunua chochote na kuishi kwa vinywaji vya bure.

Sharti la chumba

Hapa ndipo pesa za watu wetu zinapopotea. Kampuni kubwa za Marekani, zikiwemo Royal Caribbean na Carnival, zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba kile wenye umri wa kunywa nao wanunue. Sababu iko wazi: bila sharti hilo mmoja angenunua na wawili wakanywa. Lakini fikiria chumba cha kawaida cha kwetu: baba anapenda bia zake, mama ni mlokole, au Msabato, au Mwislamu, au hapendi tu. Watoto walioko nje wamewalipia safari wazazi kutoka Machame, na kwa nia njema wanataka kuongeza na kifurushi. Mama atalipiwa pombe ya siku saba ambayo hataigusa.

Tuweke namba. Bei hubadilika kwa meli, msimu na hata siku ya kununua, kwa hiyo hizi ni za mfano, ila zinafanana na zinazoonekana kwenye meli za kundi hilo: kifurushi kamili dola 75 kwa siku, kikubwa kisicho na pombe dola 30, bia dola 8, wiski dola 11, kokteli 13, soda 3.50, kahawa ya mashine 5. Juu ya kila kitu ongeza asilimia 18 ya huduma, maana bei inayotangazwa kwa kawaida haina hiyo asilimia ndani yake. Dola tunaihesabu kwa shilingi 2,500. Baba anakunywa bia nne na wiski moja kwa siku, mama soda mbili na kahawa moja, usiku saba.

| Uamuzi wa chumba | Dola | Shilingi |
|---|---|---|
| Wote wawili kifurushi kamili | 1,239.00 | 3,097,500 |
| Wote wawili glasi kwa glasi | 454.30 | 1,135,750 |
| Baba glasi kwa glasi, mama kifurushi kisicho na pombe | 602.98 | 1,507,450 |

Tofauti ya mstari wa kwanza na wa pili ni karibu shilingi milioni mbili. Mtu atasema baba huyo ni mpole mno. Haya, mpandishe: bia nane na wiski mbili kila siku. Sasa peke yake anafikisha dola 101.48, na kifurushi chake cha dola 88.50 kinamwokolea karibu 13 kwa siku. Lakini ukijumlisha chumba kizima, glasi kwa glasi bado ni dola 809.48 dhidi ya 1,239. Unywaji wa baba, hata ukiwa mkubwa kiasi hicho, hauwezi kufidia kifurushi cha mama kilichokaa bure.

Kuna njia za kulikwepa sharti hilo kihalali. Mhusika akipiga simu kabla ya safari na kueleza kwamba mwenzake hanywi, kwa imani au kwa afya, baadhi ya kampuni humruhusu huyo wa pili kuchukua kile kisicho na pombe badala yake. Usisubiri kufika melini. Ofisi ya simu ina uhuru wa kubadilisha ambao mhudumu wa kaunta hana. Njia nyingine ni kupanga vyumba upya: kama mnasafiri wanne, shemeji wawili wanaokunywa walale chumba kimoja na wasiokunywa kingine. Si kila ndoa itaukubali mpango huo, tunajua.

Na usijaribu ujanja wa kuagiza kwa kadi yako halafu kumpa mwingine. Kadi ya chumba ina picha yako kwenye mashine ya kaunta, unapewa glasi moja kwa wakati mmoja, na ukikamatwa unagawa, kampuni inaweza kukifuta kifurushi bila kurudisha hela.

Chupa ya nyumbani si kopo la meli

Wengi wakipiga hesabu ya kifurushi hujiuliza, "Mimi nyumbani nakunywa ngapi?" Swali zuri, ila kipimo kinadanganya. Chupa ya bia ya Safari au Kilimanjaro unayoizoea ni nusu lita. Bia ya melini kwa kawaida ni mililita 330 au 355. Anayezoea chupa tano jioni, kwa ujazo uleule atahitaji makopo saba. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni dola 66 na senti nane, bado chini ya kifurushi.

Kwa upande wa pili, nguvu ya kinywaji. Safari ina asilimia 5.5, kwa hiyo nusu lita yake hubeba gramu 22 hivi za pombe halisi. Kilimanjaro, asilimia 4.5, hubeba karibu 18. Kopo la mililita 355 la asilimia 5 lina gramu 14, na hicho ndicho Wamarekani wanachokiita kinywaji kimoja cha kawaida. Hadi hapo mnywaji wa bia anaweza kujiongoza. Kinachomwangusha ni kokteli. Ile inayoitwa Long Island Iced Tea ina rangi ya chai ya rangi na haina jani hata moja la chai. Ndani yake mna vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya chungwa. Mtu wa Konyagi anajua anachokunywa kwa sababu asilimia 35 inamchoma kooni. Kokteli iliyofichwa kwenye juisi na barafu haichomi, na ini halina haraka: huondoa takribani kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, wakati mwingine pungufu.

Turudi kwenye mizani. Kwa kifurushi cha dola 75, ukiongeza huduma, unahitaji kokteli sita kwa siku au bia kumi ili kifurushi kiwe sawa na kulipa mwenyewe. Ukichanganya ni rahisi kidogo: kahawa mbili, maji ya chupa, soda moja, kokteli nne na bia moja hufika dola 90. Lakini kila siku, kuanzia siku ya kupanda meli. Na siku za bandarini? Meli ikifika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, mchana wote uko mjini unalipa kwa hela nyingine, huku kifurushi kikihesabu. Safari ya usiku saba yenye bandari tano inakuacha na siku moja tu kamili ya baharini. Ukiwa na ratiba ya namna hiyo, kifurushi ni cha mnywaji mzito tu. Safari fupi ya usiku tatu au nne kutoka Durban, ambayo sehemu kubwa ni bahari na kuna kituo kimoja, inabadilisha hesabu. Hapo wapenzi wawili wa kokteli wanaweza kukinunua bila majuto.

Ukiamua kununua, nunua kabla ya kusafiri. Bei ya melini kwa kawaida ni ya juu zaidi, na kwenye kampuni kadhaa bei ya mtandaoni hupanda na kushuka, hivyo unaweza kuifuta oda na kununua tena ikishuka. Angalia pia kikomo: Carnival huweka vinywaji 15 vya kilevi kwa siku, na kampuni nyingi huweka bei ya juu kabisa ya glasi moja inayolipiwa na kifurushi. Friji ndogo ya chumbani kwa kawaida haimo. Risiti ikija na mstari mtupu wa kuongeza bakshishi, elewa kwamba asilimia 18 imeshakatwa. Mstari ule ni wa hiari, usiujaze kwa aibu.

Glasi kwa glasi: hatari yake ni kadi

Njia hii ndiyo tunayoipendekeza kwa chumba chenye mnywaji mmoja. Udhaifu wake ni kwamba melini hakuna anayeshika noti. Kila glasi inagongwa kwenye kadi ya chumba, na akili haihesabu kitu ambacho mkono haukukitoa mfukoni. Bia moja ya dola 9.44 baada ya huduma ni shilingi 23,600. Kwa hela hiyo, kwenye baa ya kawaida ya Moshi, unaita raundi ya watu wanne na chenji inarudi. Dawa ni kufungua akaunti yako kila asubuhi kwenye programu ya meli au kwenye televisheni ya chumbani, na kuomba mapokezi waweke kikomo kwenye kadi za vijana.

Ulipe kwa njia gani? M-Pesa haipo. Utaunganisha akaunti ya meli na kadi ya benki, au utaweka amana ya fedha taslimu mapokezi. Ukitumia kadi ya benki ya hapa nyumbani, pita tawini kabla ya safari uwaombe waifungulie matumizi ya nje na mtandaoni na wakupandishie kiwango cha siku. Jambo linalowashangaza wengi ni hela kuzuiwa: meli huomba benki ishike kiasi fulani mapema, na kwa kadi inayotoa hela moja kwa moja kwenye akaunti, kiasi hicho hakitumiki tena mpaka kiachiwe, pengine siku kadhaa baada ya safari. Kama akaunti hiyo ndiyo yenye nauli ya kurudi, weka amana taslimu badala yake.

Umri nao uangaliwe. Kijana wa miaka 19 anayekunywa kihalali Arusha, ambako sheria inasema 18, atakataliwa kwenye meli inayotoka Marekani, kwa sababu huko ni 21. Kwenye meli zinazotoka Ulaya na Afrika Kusini kwa kawaida ni 18.

Kifurushi kisicho na pombe, na vya bure

Kile kikubwa kisicho na pombe kina sifa nzuri kuliko thamani yake. Mama wa mfano wetu, soda mbili na kahawa moja, anatumia dola 14.16 kwa siku. Kifurushi kingemgharimu 35.40. Kinaanza kulipa kwa mtu wa kahawa mbili za mashine, kokteli mbili zisizo na kilevi, soda na maji ya chupa, kila siku. Kile cha soda peke yake, kikiwa dola 13 kwa siku, kinahitaji soda nne. Watoto wa shule wanafika nne bila shida, kama wazazi wataliruhusu jambo hilo.

Kabla ya kununua, tazama cha bure. Kwenye meli nyingi maji ya mashine, chai, kahawa ya kawaida na juisi za asubuhi hupatikana kwenye ukumbi wa chakula bila malipo, na mara nyingi limau ya baridi pia. Disney hutoa soda bure wakati wa chakula na kwenye mashine za kujihudumia. Beba chupa yako tupu ya maji. Beba na majani yako ya chai kama huwezi kuishi bila chai ya maziwa na tangawizi, ila acha nyumbani hita ya kuchemshia maji: vifaa vinavyotoa joto hukamatwa kwenye ukaguzi wa mizigo kwa sababu ya moto.

Asiyekunywa kabisa ana mambo machache ya kuchunga. Kokteli isiyo na kilevi iagize kwa kutanguliza neno "virgin" kabla ya jina lake, kisha umkumbushe mhudumu kwamba hutaki ramu hata kidogo. Kaunta ikifurika saa nne usiku mkono huenda wenyewe kwenye chupa. Bia zilizoandikwa hazina kilevi zinaweza kuwa na mabaki hadi asilimia 0.5 kwa sheria za nchi kadhaa, kwa hiyo anayezuiwa na dini asome kopo. Uliza kuhusu vitindamlo: tiramisu na keki za matunda hupata pombe, na michuzi ya nyama hupikwa kwa mvinyo. Mhudumu wa meza ukimwambia usiku wa kwanza, atakukumbuka wiki nzima.

Shinikizo la kunywa melini ni dogo kuliko linalotarajiwa. Kwenye harusi ya Uchagani, kuirudisha kata ya mbege, pombe ya ndizi, bila maelezo ni jambo la kuulizwa. Shangazi atataka kujua kama unaumwa. Melini ukigeuza glasi ya mvinyo mdomo chini, mhudumu anaiondoa, basi. Aliyeacha pombe na anahitaji wenzake atafute kwenye ratiba ya siku mkutano ulioandikwa "Friends of Bill W.", ndilo jina ambalo wanachama wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Ohio mwaka 1935, hutumia melini ili wasijitangaze. Na anayetaka meli isiyo na pombe kabisa, Aroya ya Saudi Arabia imekuwa ikisafiri tangu Desemba 2024 bila kuuza hata tone.

Mwili na bahari

Kipimo kizuri cha tumbo lako ni boti ya kasi ya Dar kwenda Unguja. Kama ile ilikutapisha, usiku wa kwanza wa meli usinywe kitu. Pombe huingia kwenye vimiminika vya sikio la ndani, palepale ambapo mwili unapimia mizani, na kuvivuruga. Ukiongeza mawimbi, umejitafutia mwenyewe. Pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, ambako mkondo wa Agulhas hukutana na upepo wa kusini magharibi, si mahali pa kujipima kwa wiski.

Dawa za kichefuchefu kama sinarizini na promethazini huleta usingizi, na pombe huuongeza mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Anayemaliza dozi ya Flagyl asiguse pombe mpaka siku zilizoagizwa na mfamasia zipite. Mtu wa Arusha aliyezoea jioni za baridi kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi atakuta joto la Karibi linamkausha, na pombe inamkojoza zaidi. Glasi ya maji kati ya kila glasi mbili ni kidogo, weka moja ya maji kwa kila moja ya pombe. Anayeumia amelewa asitegemee bima: sera nyingi za bima ya safari huondoa majeraha yaliyotokana na ulevi, na zahanati ya meli hutoza kama hospitali binafsi.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, huwa nchi kavu. Meli haisubiri aliyelala kwenye baa ya bandarini. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania kuifuata bandari inayofuata si suala la tiketi tu. Visa ya Schengen ya kuingia mara moja ikishatumika, ukitoka nje ya eneo hilo huwezi kurudi nayo. Pombe ya bandarini inywewe mapema mchana, na urejee saa nzima kabla ya muda wa mwisho uliotangazwa.

Chupa unazonunua bandarini au duka la melini hutunzwa na meli hadi mwisho wa safari. Kupanda na mvinyo wako siku ya kwanza hutegemea kampuni: Royal Caribbean na Carnival huruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa mtu mzima, MSC hairuhusu. Kwa safari ya kurudi, chupa za vikali zipakie kwenye begi la mzigo kama utabadilisha ndege njiani, maana ukaguzi wa pili wa abiria unaweza kuzitupa. Ukifika KIA, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu bila ushuru lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, na uwe umetimiza miaka 18.